Mbao za baraza la nyuma: pima uzito kabla ya kuuliza bei

Mei mwaka jana nilinunua mbao za saiprasi, 6x1 (upana inchi 6, unene inchi 1), za sakafu ya baraza nyuma ya nyumba yetu hapa Nakuru. “Chukua mama, hizi zimekauka,” muuzaji akaniambia. Zilikuwa nzito hadi kijana wa mkokoteni akapumzika mara mbili njiani, nami sikujiuliza kwa nini. Fundi akazigongelea zikiwa zimebanana. Kufika Januari jua lilikuwa limezifyonza: punje ya mahindi inapita kati ya mbao na mbao, na nyingine zimejikunja kingo na kung’oa misumari.

Kwa hiyo habari za rangi na mitindo sitazigusa. Shida ni maji yaliyomo ndani ya mbao, na unayalipia kwa futi.

Hesabu kwanza. Baraza la futi 12 kwa 10, ukiamini kwamba 6x1 ina inchi 6, litakula mbao 20 za futi 12. Lakini pima mwenyewe: ikisharandwa, mara nyingi inabaki inchi 5 na nusu, nawe unahitaji 22, yaani futi 264. Ongeza sehemu ya kumi kwa vipande vinavyoharibika, fika 290. Kwa mfano wa shilingi 50 kwa futi, hiyo ni 14,500, kabla ya mbao za 4x2 za chini zinazobeba sakafu (10 za futi 10, na nguzo katikati), skrubu, dawa na fundi.

Namba moja kwangu ni saiprasi iliyokauka, iliyotiwa dawa ya mchwa. Kata kipande cha futi moja, kipime kwenye mizani ya duka, kianike wiki mbili, kipime tena. Kikipungua sana, hizo zingine zipange chini ya bati ukiweka vijiti katikati upepo upite. Mwenye kipima unyevu atafute chini ya asilimia 20. Juu yake pakeni Sadolin, ile ya kulinda mbao. Mimi ni mtu wa Sadolin na sibadilishi, ila kwenye mbao mbichi hata hiyo itabanduka.

Mvule ni wa pili kwa sababu ya bei tu. Mchwa hauupendi, lakini mwingi unatoka Kongo kupitia Uganda na kila mpaka unaongeza shilingi. Mkaratusi ni mgumu, ila hupasuka na kujipinda unapokauka. Paini isiyotiwa dawa msinunue.

Na bei hizi zinaniumiza. Baada ya marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, Februari 2018, kila nikiuliza mbona mbao zimepanda najibiwa “marufuku”. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza akiwa Molo, hapa hapa kaunti yetu, kwamba imeondolewa. Sasa naambiwa ni mafuta ya lori. Mbao iliyopasuliwa wiki hii inauzwa bei sawa na iliyokaa miezi, na ukiuliza ipi ni ipi unaonekana msumbufu.

Safari hii nimenunua mbao kutoka mji wa Elburgon na kuzipanga kando ya jikoni. Kipande changu kilianza na gramu 760. Jumamosi kilikuwa 590, na bado kinashuka. Fundi nimemwambia asubiri.