Uzoefu wangu: vikao 11 na mwanasaikolojia hapa Kigoma kwa ajili ya wasiwasi uliopitiliza

Naandika hii sababu mwaka jana nilihangaika sana kumpata mtu wa huku kwetu aliyewahi kwenda kwa mwanasaikolojia anieleze inakuwaje, sikumpata hata mmoja, kila nilichokisoma kilikuwa cha watu wa Dar au wa nje huko. Sasa mi nimeenda, vikao 11, kwa hela yangu ya mfukoni, ntasema kilivyo bila kupamba.

Mi ni mama wa dagaa. Nafuata mzigo vijiji vya kaskazini, Mtanga, Mwamgongo, napanda boti Kibirizi asubuhi narudi na magunia, halafu nasafirisha Tabora na Dar. Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka 15 mwezi wa nane, nilikuwa na mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, na mnaojua mnajua, ziwa limefungwa lakini rejesho halijafungwa. Silalamikii kufungwa, samaki nao wanatakiwa wapumue, ila hiyo miezi mitatu nililala macho wazi. Cha ajabu sikuumwa kipindi hicho. Niliumwa ziwa lilipofunguliwa, hela imeanza kuingia, nimekaa kwenye boti narudi, ziwa limetulia kama maji ya beseni, ghafla moyo ukaanza kudunda mpaka nausikia masikioni, vidole ganzi, midomo ganzi, pumzi haitoshi, nikajua hapa nakufa na wanangu sijawaaga. Nilimshika mama wa pembeni yangu mkono mpaka Kibirizi, simjui, na hakuuvuta mkono wake. Mungu ambariki.

Kuanzia hapo ikawa inanirudia. Sokoni, msibani, hata kwenye bajaji ya kwenda Mwanga. Boti nikaacha kabisa, nikawa namtuma mdogo wangu na kumlipa, faida yote inaishia hapo.

Vipimo nilifanya vyote, na hii hatua naomba msiiruke. Presha, sukari, malaria, wingi wa damu, tezi ya shingo, na kile cha moyo cha kubandikwa nyaya kifuani. Manake damu ikipungua au tezi ikizidisha kazi moyo unaenda mbio vilevile, lazima ujue kwanza. Vyangu vyote safi. Nilikoumia ni pale daktari aliponiambia "mama una mawazo, punguza mawazo" akaita mwingine. Nilitoka nalia, sababu yanapunguzwaje hakuna aliyeniambia. Sehemu nyingine, kituo binafsi sitakitaja, wakanipa diazepamu, ile wengi tunaita valiamu, bila maelezo, nikawa nameza nikihisi tu dalili, ikaisha nikanunua nyingine, miezi minne hivyo. Hakuna aliyeniambia mwili unazizoea unazitaka zaidi, na kuziacha ghafla nako ni hatari.

Mama yangu yuko Ujiji, yeye alishaona ni jini au mkono wa mtu. Tulifanya kisomo nyumbani. Nisiseme uongo, kisomo kilinituliza roho na mpaka leo nasoma, ila ile hali ilirudi wiki hiyohiyo. Nilipomwambia nataka kwenda kwa mtu wa afya ya akili alishtuka, akasema kwani mwanangu unataka upelekwe Mirembe? Kwetu ukitaja akili tu watu wanawaza ile hospitali ya Dodoma na kufungwa kamba. Ilinichukua jioni nzima kumuelewesha, na baadaye ndo yeye alikuwa anabaki na watoto nikienda.

Kabla ya kumpata huyu niliyeenda kwake nililiwa elfu ishirini mtandaoni. Mtu anajiita mshauri, anakutumia sauti za kukutia moyo, jikubali, wewe ni malkia, nilipomuuliza amesomea wapi akasema hiki ni kipaji. Jamani ulizeni. Muulize amesoma nini, chuo gani, na tatizo kama lako anatibuje. Aliyesoma hakasiriki kuulizwa, huyu wangu wa pili nilimuuliza akanionyesha vyeti vyake bila kununa.

Nilimpata kupitia nesi wa kitengo cha afya ya akili hospitali. Huyo nesi ndo mtu wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho. Alinipa karatasi ya maswali saba, kila swali unajibu kuhusu wiki mbili zilizopita, sifuri mpaka tatu, ukijumlisha mwisho wake ni 21. Kuanzia 15 ni wasiwasi mkali. Mi nilipata 17. Sijui nieleze vipi, ila kuona namba nilifarijika, kumbe ni kitu kinachopimika, sio mimi ndo dhaifu.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya steshenari, viti viwili na feni. Hilo la steshenari lilinisaidia, mtu akikuona unapanda ngazi anajua umeenda kutoa kopi, mji wetu mdogo huu. Nilimwita dokta, akasema dada mi sio daktari, siandiki dawa, ukihitaji dawa ntakuelekeza kwa daktari. Akaniambia ntakayosema yatabaki mule ndani, isipokuwa akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtu. Akaniuliza habari za moyo, nikampa majibu ya vipimo, akayasoma yote. Za valiamu akanirudisha hospitali kwa daktari, ndo akanipangia kupunguza kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Vikao vitatu vya mwanzo niwe mkweli nilitaka kuacha. Nilitegemea niongee, nilie, nipewe neno la hekima, niondoke nimepona. Badala yake anauliza maswali na kunipa kazi ya nyumbani. Daftari, upande mmoja kilichotokea, katikati nilichowaza, upande wa mwisho ushahidi. Mfano simu ya karani wa mkopo imeita, nimewaza watakuja kubeba friji leo na moyo utasimama mbele ya watoto. Ushahidi? Nimechelewa rejesho mara mbili na hawajawahi kuja. Hii hali imenipata mara 14 na sijafa hata moja. Ukiandika kwa mkono wako unaona jinsi ulivyokuwa unajihukumu bila shahidi. Kingine alinipa nusu saa ya wasiwasi, saa kumi na moja jioni kila siku nakaa nahofia kila kitu kwa makusudi, ukinijia wasiwasi saa nne asubuhi nauandika nauambia subiri zamu yako. Nilidhani ni utani. Wiki ya pili nikifika saa kumi na moja nusu ya vile nilivyoandika havina hata uzito.

Kikao cha nne ndo kilichonigeuza, na hapa nitakaa kidogo. Akasema leo tutaileta ile hali humuhumu ndani. Nikakataa. Akanieleza taratibu kwamba moyo ukienda mbio ukawaza nakufa, mwili unasikia hilo neno unamwaga adrenalini kama vile kuna chui, moyo unaongeza mbio, na wewe unaona dalili zimeongezeka unaamini zaidi kwamba unakufa, inazunguka hivyo. Na ile ganzi ni kwa sababu unapumua haraka unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko kawaida, sio kwamba hewa imekuisha, hewa umejaza. Halafu akaanza yeye kupumua harakaharaka kama mtu aliyekimbia, akaniambia nimfuate, dakika moja tu. Nikamfuata. Kabla dakika haijaisha vidole hivyo ganzi, midomo ganzi, kichwa chepesi, nikapiga kelele dokta ndo hii, ndo hiihii! Akasema haya, sasa kaa nayo, usiifukuze, angalia saa ya ukutani. Nikaangalia ule mshale. Ilipanda, ikakaa, ikashuka yenyewe. Sikumeza kitu, sikukimbia, sikushikwa mkono. Zaidi ya mwaka nilikuwa naamini kinachoniokoa ni valiamu na kukimbia, kumbe mara nyingi ile hali hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi halafu inaanza kushuka, dawa ilikuwa inapewa sifa ya kazi ambayo mwili ungeifanya. Nililia pale. Alinyamaza akaniacha nilie.

Wiki iliyofuata nilizidiwa kidogo, nisiwafiche, sababu sasa nilikuwa sikimbii. Alinionya mapema kwamba itakuwa hivyo.

Kuanzia hapo tukafanya ngazi ya boti. Kwanza kwenda kukaa tu Kibirizi nitazame boti zikipakia. Halafu kuingia kwenye boti iliyofungwa ufukweni, nikae mpaka hofu ishuke ndo nitoke, sio nitoke ikiwa juu, hiyo ndo siri yenyewe, ukitoka ikiwa juu unaifundisha ishinde. Halafu safari fupi mpaka Kalalangabo na mdogo wangu. Halafu peke yangu. Mwisho Mwamgongo na mzigo. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kidonge nilichokuwa nafunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa sikimezi tena, daktari alishanimalizia, nilikuwa nakibeba tu. Mwanasaikolojia akaniambia dada, ukiwa nacho kila ukifika salama utasema ni kidonge kimenifikisha. Siku niliyokiacha nyumbani nilitetemeka tangu Kibirizi mpaka tunaiona Mtanga, halafu ikaisha, nikasikia njaa. Nilinunua mgebuka wa kuchoma nikala wote, na mi kwenye safari nilikuwa sili kitu kwa kuogopa kutapika.

Deni nalo tulilizungumza. Alisema wazi tiba hailipi mkopo. Kikao kizima tukakitumia kupanga ntamwambia nini karani, nikaenda nikaomba kupangiwa upya wakakubali, lililobaki nimelilipa kupitia kikoba chetu.

Kasoro zipo. Elfu thelathini na tano kila kikao, mara kumi na moja ni 385,000, kwa mama wa dagaa ni hela ndefu, na bima yangu haikulipia hata senti. Niliweza kwa kupanga vikao kwenye mbalamwezi, kipindi ambacho taa haziwaiti dagaa na mi sina safari, kwahiyo vilikwenda kwa mafungu, vitatu vitatu hivi, badala ya kila wiki, na yeye mwenyewe alisema kila wiki ingekuwa bora. Mara mbili aliahirisha bila kunipigia, nikapanda ngazi nikakuta kufuli, hilo liliniuma na nikamwambia, akaomba radhi. Chumba kina joto na kelele za bodaboda zinaingia, kuna siku nililazimika kurudia jambo gumu mara mbili kwa sauti, sikupenda. Na wataalamu hawa huku ni wa kuhesabu, ukiwa Uvinza au Kibondo sijui utafanyaje na nauli. Tulijaribu kikao kimoja kwa video nikiwa Mwamgongo, mtandao ukakatika nikiwa katikati ya kulia, tukamalizia kwa simu ya kawaida na ile ilitosha kabisa, kwahiyo wa mbali ulizieni ya simu.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya lile kufuli.

Kama huna hiyo hela anzia kwa nesi wa kitengo cha afya ya akili hospitali ya serikali, mi wangu alinifanyia mengi kwa gharama ya kadi tu. Na kama mawazo yamefika pa kutaka kujiua usisubiri miadi ya mtu yeyote, nenda hospitali usiku huohuo na mtu unayemwamini.

Mwezi uliopita mwanasaikolojia wangu alinirudishia ile karatasi ya maswali saba. Nimepata 6. Moyo bado kuna siku unadunda, juzi tu kwenye boti upepo ulivyoamka ulidunda, nikauacha udunde, nikaendelea kuhesabu magunia. Kimebaki kikao kimoja cha kufuatilia, tumepanga mbalamwezi ijayo, na mama kasema safari hii anataka twende wote akamuone huyo dokta asiyeandika dawa.