Kichujio Kipi cha Maji Kinafaa Nairobi? Anza na Chombo Kinachopokea Maji

Wasomaji kadhaa wamelalamika kwamba walinunua kichujio cha bei kubwa ili kuepuka plastiki iliyomo majini, kisha wakagundua kwamba maji yaliyokwisha kuchujwa hushinda ndani ya tangi la plastiki la kichujio hicho hicho. Malalamiko yao ni ya haki, na ndiyo maana nimevipanga vichujio kwa kigezo cha chombo kinachopokea maji yaliyochujwa, ambacho wauzaji hawakitaji kamwe.

Plastiki ninayoizungumzia ni ile iliyo ndogo kuliko mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), yaani nanoplastiki. Mtoni chembe hizi huvikwa utando wa mabaki ya mimea yaliyooza, nao huzizuia zisishikamane, hivyo husafiri mbali. Penye chumvi au kalsiamu nyingi msukumano wa umeme baina yao hupungua, zikagandana na udongo na kutuama. Kiwanda cha Ng'ethu, kinachosafisha maji ya bwawa la Ndakaini yanayokuja Nairobi, hutumia shabu ili kuugandisha uchafu kwa njia inayokaribiana na hiyo. Lakini maji yakishafika mtaani hungoja mgao katika matangi meusi ya plastiki juu ya paa, na huko hukutana na plastiki nyingine.

Kuchemsha huua vijidudu na ni lazima kuendelee. Hata hivyo, watafiti wa China walionyesha mwaka 2024 kwamba chokaa inayoganda wakati wa kuchemsha hunasa hadi asilimia 90 ya chembe katika maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, ilhali katika maji laini, kama yale ya milima ya Aberdare yanayojaza Ndakaini, ni takriban asilimia 25 tu.

Chaguo langu la kwanza, nami sifichi upendeleo wangu, ni kichujio cha kutundika cha LifeStraw Family. Matundu ya nyuzi zake za kuchujia ni mikromita 0.02, husafishwa kwa kusukuma maji kinyumenyume, na jambo kubwa zaidi ni kwamba haina tangi la kuhifadhia: maji hutoka bombani na kuingia moja kwa moja katika chombo ulichokichagua mwenyewe. Kiwe cha kioo, cha udongo, au cha chuma kisichoshika kutu, na kifuniko chake kisiwe cha plastiki ya kuzungusha, kwa kuwa msuguano wa kufungua na kufunga nao humwaga chembe.

Cha pili ni kichujio cha chuma chenye mishumaa ya kauri, yaani vipande vya kuchujia vyenye umbo la mshumaa. Matundu ya kauri ni makubwa mno kwa chembe ndogo kabisa, ingawa baadhi hunaswa ndani ya kuta zake. Kinachonivutia ni tangi lake. Cha tatu ni mtambo wa osmosisi wa chini ya sinki, unaosukuma maji kupitia utando wenye matundu madogo mno. Huo huchuja kwa ukali kuliko vyote na huondoa floridi, kwa hiyo anayetumia maji ya kisima chenye floridi nyingi auweke wa kwanza. Lakini hutupa maji mengi, jambo linaloumiza mahali penye mgao, na utando wake kwa kawaida ni wa poliamidi, aina ya plastiki.

Poliamidi naitaja kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 2024, walihesabu wastani wa chembe 240,000 katika kila lita ya maji ya chupa waliyoyapima, tisa kati ya kumi zikiwa nanoplastiki, na poliamidi ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Walishuku kwamba ilitoka katika vichujio vya viwandani. Ndiyo maana mtungi wa maji wa lita 20 wa dukani nimeuweka mwisho. Jagi lenye kichujio cha makaa hurekebisha hasa ladha na harufu.

Linalonikera zaidi ni maduka ya katikati ya jiji ambako ukiuliza ukubwa wa matundu unajibiwa kwamba mashine "inachuja kila kitu", na bei ya mshumaa wa akiba haitajwi mpaka uwe umeshalipia chombo. Dai tarakimu ya mikromita iliyoandikwa kwenye boksi, na bei ya kipuri, kabla ya kutoa shilingi yako.