Moroko na Senegal jezi moja: tathmini ya Ultimate Team ndani ya EA Sports FC 25

Bounou golini, Hakimi beki wa kulia, Koulibaly katikati ya ulinzi, Mané winga ya kushoto. Wawili wa Moroko, wawili wa Senegal, na kwenye mashindano ya CAF hutawaona upande mmoja hata siku moja. Ultimate Team ni sehemu ya gemu ya mpira ya EA Sports FC inayokuruhusu kuwachanganya: unakusanya kadi za wachezaji, unaunda kikosi, unaingia mtandaoni kupambana na vikosi vya wenzako. Kwa mtu anayependa kubishana kuhusu kikosi cha ndoto, hii ni gemu nzuri sana, ila ina hesabu yake, na asiyeijua anapoteza koini, pesa za ndani ya gemu, bure.

Hesabu yenyewe ni kemistri, yaani alama anazopata mchezaji kwa kulingana na wenzake kikosini kwa taifa, ligi au klabu. Wengi wanachukua nyota 11 kutoka nchi 11, wanaingia uwanjani, kisha wanashangaa mshambuliaji wao ghali anaachwa na beki wa kadi ya kawaida. Tangu FIFA 23 (gemu hii ilipokuwa bado na jina la FIFA), kila mchezaji anapata alama kuanzia 0 hadi 3, na timu nzima haipiti 33. Alama zinatoka sehemu tatu. Wachezaji 2 wa taifa moja wanapata alama 1 kila mmoja, wakifika 5 wanapata 2, wakifika 8 wanapata 3. Kwa ligi ngazi ni wachezaji 3, 5 na 8. Klabu ndiyo rahisi kuliko zote: 2, 4 na 7. Ule mfumo wa zamani wa mistari ya kijani, njano na nyekundu kati ya mchezaji na jirani yake haupo tena, kwa hiyo golikipa na straika wanaweza kubebana hata wakiwa ncha mbili za uwanja.

Mwenye 0 haadhibiwi. Anabaki na uwezo ulioandikwa kwenye kadi. Anachokosa ni nyongeza ya staili ya kemistri aliyopewa, kitu unachomvalisha ili uwezo wake fulani upande kulingana na alama zake: Hunter inaongeza kasi na upigaji wa shuti, Shadow inaongeza kasi na ukabaji. Mpinzani wako akiwa na alama 3 kila nafasi, pengo hilo linaonekana kwenye kila mbio ya mita ishirini.

Sasa tuunde kikosi chenyewe kwa klabu za msimu wa 2024/25. Moroko inatoa 4: Bounou (Al Hilal), Hakimi (PSG), Mazraoui (Manchester United) na Brahim Díaz (Real Madrid). Senegal inatoa 7: Koulibaly (Al Hilal), Niakhaté (Lyon), Lamine Camara (Monaco), Pape Matar Sarr (Tottenham), Mané (Al Nassr), Ismaïla Sarr (Crystal Palace) na Nicolas Jackson (Chelsea). Kwa kuwa Wasenegali wamevuka 5, kila mmoja ana alama 2 za taifa. Ligi inawamalizia: Saudia ina watu 3, Ufaransa 3, Uingereza 4, na kila kundi linaongeza 1. Wasenegali wote 7 wamejaa, jumla 21.

Upande wa Moroko ndiko kwenye kasoro. Watu 4 wanabaki kwenye ngazi ya alama 1. Bounou anaokolewa na Koulibaly, maana klabu yao ni moja, hivyo anafika 3. Hakimi na Mazraoui wana 2 kila mmoja. Brahim yuko peke yake Hispania, ana 1 tu. Jumla ya timu ni 29. Weka kocha ambaye ligi yake ni ya Ufaransa, Hakimi anafika 3 na timu inakuwa 30. Kocha anamwongezea 1 kila mchezaji anayelingana naye kwa taifa au ligi, na kadi yake ni ya bei ndogo, lakini watu wanamsahau mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kuna anayeweza kusema: toa Niakhaté, ingiza Aguerd, Wamoroko wawe 5. Jaribu. Wamoroko wanapanda hadi 2, lakini Ufaransa inabaki na watu 2, chini ya 3 wanaotakiwa, kwa hiyo Hakimi na Camara wanapoteza alama ya ligi. Aguerd naye msimu huo yuko Real Sociedad na Hispania inakuwa na watu 2, bado haijafika. Ukijumlisha kabla ya kumweka kocha unarudi palepale, 29. Ndiyo maana kuunganisha mataifa mawili kunahitaji uanze na ligi kwanza: gawa watu wako kwenye ligi zisizozidi 3, kila moja iwe na angalau watu 3, halafu ndipo uchague majina.

Kosa jingine ni nafasi. Mchezaji aliyewekwa mahali ambapo hapajaandikwa kwenye kadi yake anapata 0, na hahesabiwi hata kwa wenzake. Ukimweka winga nafasi ya straika, taifa lililokuwa na watu 5 linakuwa na 4, na wote wanashuka pamoja naye. Chagua mfumo, yaani mpangilio wa wachezaji uwanjani, unaolingana na kadi ulizonazo. Kemistri inasomwa kwenye mfumo wa kuanzia, kwa hiyo mpangilio unaoupenda zaidi uweke kwenye mbinu na uubadilishe mechi ikianza.

Kadi za magwiji, nyota waliostaafu, zinarahisisha sana. Gwiji kama Didier Drogba anajaa alama 3 mwenyewe akiwa kwenye nafasi yake, anahesabika kama watu 2 kwa taifa lake na mtu 1 kwa kila ligi iliyomo kikosini. Mtoe Jackson, mwingize Drogba, na ile 29 haishuki hata kidogo. Wachezaji wa kike nao wamo tangu FC 24 na wanahesabika kwenye taifa lao sawa na wanaume, njia nzuri ya kufikisha 5.

Kinachoumiza ni pakiti za kadi. Zinauzwa kwa koini unazopata ukicheza au kwa pointi za pesa halisi, na hujui utapata nani. Ubelgiji iliziona kuwa kamari, na tangu Januari 2019 pointi hizo haziuzwi huko. Toleo jipya likitoka, kadi zako hazihami nalo. Usitie shilingi yako humo. Nunua mchezaji unayemtaka kwa koini kwenye soko la ndani ya gemu, ukikumbuka makato ya 5% kila unapouza: kadi uliyonunua 10,000 ukiiuza 10,500 unapokea 9,975, umepata hasara.

Kwa Afrika Mashariki kuna mapungufu mawili. Ultimate Team haichezeki bila intaneti, na masasisho yanakula bando, kwa hiyo kwenye vibanda vingi vya gemu utaishia kucheza mechi za kawaida. La pili linauma zaidi. Ligi Kuu ya Tanzania na ya Kenya hazimo, hivyo kikosi cha pamoja cha Tanzania, Kenya na Uganda, nchi 3 zilizopewa AFCON 2027, ni vigumu kutimia. Wanaopatikana ni wale wachache wanaocheza kwenye ligi zilizo na leseni.

Ukiamua kuanza, fuata mpangilio huu: ligi 3, kisha mataifa 2, kisha mfumo, kisha kocha. Staili za kemistri nunua mwisho, na uwape kwanza wale waliofika alama 3.