Waya wa mtaa umezipiku laini zote: uzoefu wangu wa simu na intaneti Bangladesh

Kila anayepata nafasi ya kwenda Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, kusoma au kufanya kazi, huniuliza swali lilelile: ninunue laini ya kampuni gani? Jibu langu halibadiliki. Ukiwa mjini laini yoyote ya kampuni kubwa itakufaa, lakini fedha yako ya kwanza iende kwenye waya wa nyumbani, yaani intaneti ya faiba inayovutwa hadi ndani. Nimesoma afya ya jamii huko, nikaishi mtaa wa Mohakhali, Dhaka, nikaenda na kazi za utafiti hadi vijiji vya Sunamganj, na Julai 2024 intaneti ilipozimwa nchi nzima nilikuwepo.

Kampuni za simu ziko nne. Grameenphone, iliyoanza kazi 26 Machi 1997 na ambayo Telenor ya Norway inamiliki zaidi ya nusu ya hisa zake, ndiyo yenye wateja wengi kuliko zote. Zinafuata Robi, iliyoimeza Airtel ya huko mwaka 2016, na Banglalink. Ya nne ni Teletalk ya serikali. Wenyeji wakisikia namba wanajua papo hapo ni ya nani: 017 ni Grameenphone, 018 Robi, 019 Banglalink, 015 Teletalk. Siku hizi hawapatii kila mara, maana tangu Oktoba 2018 mtu anaruhusiwa kuhama kampuni akiwa na namba yake. Citycell iliyotangulia wote, mwaka 1993, ilifungwa 2016.

Kusajili laini hakutamsumbua Mtanzania. Yale ya alama za vidole tuliyoyapitia sisi hadi laini zikafungwa Januari 2020, wao waliyamaliza mapema, kati ya Desemba 2015 na Mei 2016. Mimi dukani walichukua pasipoti, wakanipiga picha, nikabonyeza vidole, nikatoka na laini inayofanya kazi. Salio unaongezewa kwenye kibanda chochote cha chai: unamwandikia bhai (kaka) muuza chai namba yako kwenye daftari lake, unampa fedha, na kabla hujamaliza kikombe ujumbe umeingia. Wanaita fleksilodi, hata kama laini yako si ya kampuni iliyoanzisha jina hilo.

Vifurushi ndivyo vilivyonikera. Kampuni niliyoanza nayo, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa na menyu ndefu ya bando kiasi kwamba ilibidi nikae chini nisome kama mkataba: hizi GB za saa zote, hizi za mtandao wa kijamii tu, hizi za siku 7, na zikifika mwisho wake zinapotea hata kama hujagusa nusu. Mamlaka ya mawasiliano, BTRC, ilijaribu kupunguza fujo hiyo Oktoba 2023 kwa kuondoa bando za siku 3. Mimi naona waliokuwa wakizihitaji zaidi ndio walioumia. Dereva wa riksho anayepata fedha yake siku kwa siku hanunui bando la mwezi.

Halafu kuna kodi, na hapa nasema kwa uchungu. Bajeti ya Juni 2024 ilipandisha ushuru wa muda wa maongezi na intaneti kutoka asilimia 15 hadi 20. Ongeza VAT ya asilimia 15 na tozo ya asilimia 1, unakuta mteja analipa karibu asilimia 39 juu ya bei ya huduma yenyewe. Laini mpya nayo ikapandishiwa kodi kutoka taka (fedha ya huko) 200 hadi 300. Watu wanawatukana wenye minara, kumbe sehemu kubwa ya vocha yao imekwenda hazina kabla hawajasema hata "hello".

Sasa waya. Ukitembea mtaa wowote wa Dhaka na kuinua macho utaona nyaya nyeusi zimefungwa mafungu mafungu kwenye nguzo za umeme, nyingine zimening'inia hadi usawa wa kichwa. Zinatisha, na kweli ni hatari. Lakini ndani yake mna huduma bora niliyowahi kuilipia. Kila mtaa una kampuni yake ndogo ya intaneti. Kijana anakuja na ngazi begani, anavuta uzi wa faiba kutoka nguzoni, anaupitisha dirishani, anauunganisha kwenye kiboksi kidogo, na jioni hiyohiyo unaongea na mama kwa video bila kukatika. Mwaka 2021 serikali ilipanga bei moja kwa nchi nzima: taka 500 kwa mwezi kwa kasi ya Mbps 5, taka 800 kwa Mbps 10. Hakuna kuhesabu GB. Na kwa kuwa kampuni hizo zinabadilishana data hapohapo nchini kupitia kituo kinachoitwa BDIX, vitu vilivyohifadhiwa ndani ya nchi vinafunguka haraka kuliko kasi unayolipia.

Kile kiboksi kina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu ujue waya umekatika mahali. Namba ya fundi ninayo, naye anaishi mtaa uleule, kwa hiyo hakuna kusikilizishwa muziki na kubonyeza moja, bonyeza mbili. Nunua pia kibetri wanachokiita mini UPS ukichomeke kwenye ruta. Umeme unakatika, feni inasimama, jasho linakutiririka, lakini mtandao unaendelea.

Kijijini habari ni nyingine. Sunamganj ni nchi ya haor, mabonde mapana yanayogeuka bahari msimu wa mvua, na vijiji vinabaki kama visiwa. Huko waya haujatufikia, na laini yangu ya mjini ikawa haina kazi: ndani ya nyumba hakuna kitu, ukitoka hadi kwenye tuta unapata kimstari kimoja. Wenyeji walitembea na simu ya laini mbili, za kampuni mbili tofauti, nami nikafuata. Kabla ya kwenda kijijini waulize wa hukohuko mnara wa kampuni gani unashika. Matangazo ya barabarani Dhaka hayatakusaidia.

Kwa upande wa fedha, sisi tuliolelewa na M-Pesa tutajisikia nyumbani. bKash, huduma yao ya fedha kwa simu, ilianza 2011 chini ya BRAC Bank, ndugu wa shirika la BRAC hilihili linalokopesha akina mama kwetu na Uganda. Mawakala wapo kila kona, na kutoa fedha kwa wakala makato ni taka 18.50 kwa kila elfu. Makato hayo naona ni makubwa kwa mtu anayetoa mshahara wa kiwanda cha nguo, lakini huduma yenyewe ni ya kuaminika.

Julai 2024, maandamano ya wanafunzi yalipopamba moto, intaneti ya simu ilikatwa, na usiku wa tarehe 18 nyaya nazo zikazimwa. Simu kutoka nje ya nchi nyingi hazikuingia. Nyumbani hawakujua kama niko mzima. Kilichonishtua zaidi ni mita za umeme. Ni za kulipia kabla, kama LUKU, na watu wengi huongeza kwa simu. Intaneti ilipokatika wakafurika kwenye ofisi za umeme, foleni ndefu juani, katikati ya amri ya kutotoka nje, wengine nyumba zao zikiwa gizani tayari. Waya ulianza kurudi usiku wa tarehe 23. Intaneti ya simu ilirudi tarehe 28.

Kwa hiyo unayekwenda, weka waya nyumbani, beba laini mbili, mita ya umeme usiiache ishuke, na kiasi cha taka taslimu kisikosekane ndani. Namba za watu wako ziandike kwenye karatasi, na ya fundi wa waya iwe ya kwanza.