Kadi niliyokabidhiwa haikuwa yangu: uzoefu wangu na kadi ya benki hapa Moshi

Benki siitaji. Ukinikuta soko la Memorial kwenye mitumba uniulize, nitakwambia kwa mdomo. Kadi yenyewe ni hizi za kawaida za akaunti ya akiba, zenye chipu, za kutolea pesa kwenye ATM na kulipia dukani. Ninayo miaka sita, na kwa miaka mitano na nusu sikuwa na neno nayo.

Ilikuwa Jumamosi, Desemba. Mtu wa Moshi anaijua Desemba yetu: Wachagga wa Dar na Mwanza wote wamerudi nyumbani, mbuzi wamepanda bei, na kila ATM ya mjini ina foleni kama ya bomba la maji. Mimi nilitaka laki tatu tu ya kuongezea kwenye belo la makoti ya watoto. Mashine za katikati ya mji zilikuwa zimekaushwa, nikaenda kwenye kibanda kimoja cha pembeni, upande wa stendi. Saa moja jioni imepita, giza limeingia.

Nikaingiza kadi, ikarudi. Nikaingiza tena, ikarudi. Nyuma yangu kuna kijana, shati jeupe limenyooshwa, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Cha wapi, sikukisoma.

"Shikamoo mama. Hiyo mashine leo inasumbua, mpaka uifute kadi hapo kwenye chipu."

Marahaba mwanangu. Akaipokea, akaifuta kwenye shati lake, akaiingiza yeye mwenyewe, ikakubali. Nikabonyeza namba ya siri, yeye kasimama ubavuni kainamia simu yake, au mimi ndivyo nilivyodhani. Pesa zikatoka. Nikiwa nahesabu, akachomoa kadi na kunipa: "Usije ukaisahau mama." Nikamshukuru, na baraka nikamwombea.

Kesho yake baada ya ibada nilipita kwa mangi mwenye duka jirani yetu, ambaye ni wakala wa benki hiyo hiyo, nitoe elfu hamsini ya nyama. Akaishika kadi, akaigeuza, akaniangalia.

"Mama Junior, hii kadi umeitoa wapi? Hapa pana jina la mwanaume."

Rangi ile ile, nembo ile ile, hata mkwaruzo pembeni kama wangu. Jina si langu. Miguu iliisha nguvu, nikakalia kreti la soda.

Hapo ndipo uzoefu wangu na huduma kwa wateja ulipoanza. Nilipiga ile namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Dakika 31 za muziki. Nazijua kwa sababu simu yenyewe ilinionyesha baada ya kukata. Yule dada alipopokea, namsifu, hakunizungusha: akaniuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, muamala wa mwisho ninaoukumbuka, kisha akaifunga kadi papo hapo. Namba yangu ya siri hakuiuliza. Nikamwuliza salio. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, kesho ufike tawini."

Nilikuwa nimebakiwa na 3,050,000 baada ya kutoa zile laki tatu. Nilikuta elfu thelathini na kitu.

Jumatatu nilichapishiwa taarifa ya akaunti, na afisa wa tawi akanipitisha mstari kwa mstari. Nilidhani wezi walikimbilia mashine nyingine dakika ile ile. Hawakufanya hivyo. Walitulia mpaka saa 5:31 usiku. Kati ya hapo na saa 5:52 wakatoa 400,000 mara nne. Wakapumzika. Saa 6:06 wakaanza tena, 400,000 mara tatu. Afisa akanieleza kwamba kadi yangu ilikuwa na kikomo cha milioni mbili kwa siku, na siku ya mashine hugeuka usiku wa manane. Kwa hiyo walisubiri mpaka wakaweza kuzichota siku mbili ndani ya saa moja, mwenye kadi akiwa amelala. Wakamalizia saa 6:49 kwenye kituo cha mafuta Boma Ng'ombe, laki mbili. Walijaza tenki kwa pesa ya makoti ya watoto wakaendelea na safari yao, nadhani ya Arusha.

Na ile kadi niliyobaki nayo? Ni ya mzee mmoja wa Rombo, aliibiwa Alhamisi kwenye mashine nyingine kwa shati jeupe lile lile. Yeye aliwahi kuifunga yake. Kadi yake iliyokufa ndiyo ikatumika kunibadilishia mimi. Kama ungekuwa mpira ningesema wanapasiana vizuri.

Niliuliza swali ambalo nadhani wengi mngeliuliza: si mlisema chipu ni salama? Afisa akasema chipu inafanya kazi yake. Kinachonakiliwa kirahisi ni ule ukanda mweusi wa sumaku nyuma ya kadi. Wezi hubandika kifaa kwenye mdomo wa mashine, kikausoma kadi inapopita, na kamera ndogo juu ya vitufe ikakamata namba ya siri. Chipu kuinakili ni kazi nzito. Ndiyo maana mwizi wa sasa haangaiki kunakili, anaitaka kadi yenyewe, na namba ya siri anataka uibonyeze mbele yake.

Sasa nije kwenye kilichoniuma kuliko yote.

Nikamwambia afisa: miamala minane usiku, na hamkunitumia hata meseji moja? Akabonyeza kompyuta yake. "Tumetuma zote nane, mama." Akanisomea namba. Ilikuwa laini yangu ya zamani. Simu iliibiwa sokoni Kiboriloni miaka miwili nyuma, nikanunua laini ya mtandao mwingine wenye vifurushi nafuu. Namba mpya niliwapa kikoba, shule ya watoto, jumuiya, hadi fundi viatu. Benki sikuwapa. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, mtandao huifunga na namba humpa mtu mwingine.

Nilitoka nje ya tawi nikaipiga. Akapokea binti, yuko Singida. Nikajieleza huku natetemeka.

"Mama pole jamani," akasema. "Niliziona usiku ule, zikiingia mfululizo. Mimi sina akaunti benki hiyo. Nikajua ni matapeli, nikazifuta."

Ungemlaumu? Sote tumefundishwa hivyo. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zimetuchosha mpaka tunafuta na za kweli. Tahadhari ya benki ilifanya kazi barabara, ila ilibisha hodi nyumba isiyo yangu. Nashukuru tu kwamba sikuwa nimejiunga na huduma za benki kwenye simu kwa namba ile, maana laini ile ingeangukia kwa mwizi, hata kadi huenda asingeihitaji.

Polisi nilikwenda, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kituoni, na kwa barua yao picha za kamera zikatazamwa. Kofia, kichwa chini, basi. Fomu ya malalamiko ya benki nilijaza siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja baada ya wiki tano, barua ya aya mbili: miamala yote ilifanyika kwa kadi halisi na namba ya siri sahihi, hivyo benki hairudishi pesa. Nilikasirika. Shemeji yangu akanishauri nipande ngazi ya juu, Benki Kuu, ambayo ina tawi Arusha na tangu 2019 ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Unaanza kwa benki yako kwa maandishi, usiporidhika unapeleka kwao. Sikwenda. Kila nilipoandaa maelezo nilifika mahali pale pa kumkabidhi kijana kadi kwa mkono wangu, kalamu ikagoma. Lakini kama wewe pesa zako zimetoka kadi ikiwa mfukoni mwako, hali ni nyingine kabisa, usikubali aya mbili.

Wiki ile ile barua ya benki ilipokuja, mwanaume akanipigia, sauti ya ofisini, eti kitengo cha usalama cha benki, "tunakurudishia pesa zako, nitajie namba tulizokutumia sasa hivi." Simu kweli ikalia, namba sita. Ni za kuthibitisha malipo mtandaoni, yaani alikuwa ananunua kitu kwa kadi yangu mpya na anasubiri mimi nimfungulie mlango. Alipata wapi zile tarakimu 16 za mbele na tatu za nyuma, sina hakika. Nilishailipia dukani mara mbili na mara moja mhudumu aliondoka nayo. Nikakata. Namba yake nikaituma 15040, ya kuripoti meseji na simu za kitapeli. Nikapiga na *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Zilikuwa zangu tu.

Kadi mpya ililetwa baada ya siku tisa, nikakatwa elfu kumi na tano. Inafanana na ya zamani, lakini safari hii nilikaa na yule afisa nikamwambia anionyeshe kila kitu. Kumbe vingi vilikuwepo siku zote. Kikomo cha siku nimekishusha hadi laki tano. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Malipo ya mtandaoni, baada ya simu ya yule tapeli, nimeyazima. Binti yangu anayefanya kazi ofisi ya utalii Arusha yeye analipia vitu vya nje kila wiki, ana kadi ya pembeni anayoiwekea pesa siku ya kulipa tu. Pesa ya belo nimeihamishia akaunti ya pili isiyo na kadi kabisa. Nikiitaka naenda dirishani napanga foleni. Inachosha. Haichoshi kama Boma Ng'ombe.

Kinachonifurahisha zaidi ni kitufe cha kufunga kadi kwenye programu yao ya simu. Naifunga muda wote, nikifika mashineni naifungua, nikimaliza naifunga. Mjini inachukua sekunde chache. Nikiwa kwa mama mkwe Kibosho, intaneti ikisuasua, programu inazunguka weee mpaka unakata tamaa, ila menyu ya kupiga kwa nyota inakubali. Junior ananicheka, anasema mama unaifunga kadi kama banda la kuku. Meseji sasa zinakuja kwenye namba yangu ya kweli, wananikata kidogo kila mwezi, na nikipita karibu na tawi naingia kuwaomba wanisomee namba waliyonayo. Wameshanizoea.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Moja nimekata kwa zile dakika 31 za muziki. Nyingine kwa sababu nilipita pale kibandani juzi usiku, mlinzi hakuna, na taa bado haijawekwa.