arXiv kwa shirika dogo la utafiti wa akili mnemba: bure, ila ina masharti yake

Kwa shirika lisilo na fungu la uchapishaji, arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kisayansi, bado ni mlango mzuri. Kupakia makala ni bure, kusoma ni bure, na tangu 2022 kila makala mpya hupewa DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambua makala mtandaoni. Ugumu uko kwenye kuingia: mwandishi mgeni huenda akahitaji kudhaminiwa na mtafiti aliyekwisha kuchapisha humo, kwa hiyo akaunti isisubiri siku ya mwisho.

Ukiandika kwa LaTeX, mfumo wa kupanga makala za kisayansi kwa msimbo, utapakia faili zenyewe za msimbo. PDF iliyotokana nazo hukataliwa. Hapo ndipo wengi huumbuka. Faili hizo yeyote anaweza kuzipakua, pamoja na kila mstari ulioanza na alama ya %, yaani maelezo ya waandishi yasiyoonekana kwenye PDF: “namba hii tuihakiki”, “mhakiki wa pili hajaelewa kitu”. Mistari hiyo ifute yote kwanza. Muhtasari nao usizidi herufi 1,920.

Kilichofika kabla ya saa 8 mchana, saa za mashariki mwa Marekani, kwa kawaida hutangazwa saa 2 usiku; cha Ijumaa jioni husubiri Jumatatu. Msiwatangazie watu kabla kiungo hakijafunguka.

Kosa hurekebishwa kwa toleo jipya, ila la kwanza halifutiki, na leseni ya matumizi uliyoichagua haibatilishwi. Tangu mwishoni mwa 2025, makala za mapitio (zinazopitia tafiti za wengine) na za msimamo (zinazotetea maoni) katika sayansi ya kompyuta hazipokelewi mpaka zipite uhakiki wa jarida au kongamano. Waraka wa sera utafutiwe pengine.