Tathmini ya shuu za breki zilizoimarishwa kwa mabehewa ya mizigo: bamba la feleji au fremu ya waya?

Shuu za breki, yaani vipande vinavyokandamizwa kwenye uso wa gurudumu ili kulisimamisha, ninazozitathmini hapa ni za mabehewa ya mizigo. Zimefinyangwa kwa mchanganyiko wa resini, mpira, nyuzi na unga wa madini, na katikati ya uso wake kimepachikwa kipande cha chuma cha kusubu. Zinauzwa kwa maumbo mawili: moja limeimarishwa mgongoni kwa bamba zito la feleji, na jingine kwa fremu ya waya na wavu iliyozama ndani ya mchanganyiko wenyewe. Kiwanda sikitaji, kwa kuwa maumbo haya hutengenezwa na viwanda vingi, na ninachotaka kukipima ni usanifu. Muuzaji aliyetuletea alikuwa na hoja moja tu aliyoirudia kwa kila aliyemsikiliza, kwamba shuu hizi hudumu kuliko zile za chuma tulizozoea. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini kwangu haitoshi, kwa sababu shuu ni kifaa kinachonunuliwa ili kiishe, ilhali gurudumu linanunuliwa ili libaki. Shuu inayodumu huku ikilila gurudumu ni hasara iliyohamishwa kutoka daftari moja la karakana kwenda jingine.

Kwanza nieleze kwa nini shuu inahitaji kuimarishwa kabisa. Shuu ya kawaida ya chuma cha kusubu huonekana kuwa kipande imara kisichohitaji msaada, na kwa miongo mingi reli nyingi ziliitumia hivyo hivyo. Tatizo lilianza pale watengenezaji walipoongeza fosforasi ili kupunguza ulaji. Katika daraja liitwalo P10 fosforasi ni takriban asilimia 1, na katika P14 ni takriban asilimia 1.4. Fosforasi hujenga ndani ya chuma mtandao mgumu unaostahimili msuguano, na pia hupunguza cheche, jambo lenye uzito mkubwa katika nchi ambayo nyasi za kandokando ya reli hukauka kwa miezi kadhaa mfululizo. Lakini chuma chenye fosforasi nyingi huvunjika kirahisi kikipata joto na mshtuko. Ndiyo maana mgongoni husubiwa bamba la feleji: shuu ikipasuka, vipande hubaki vimeshikwa na bamba badala ya kudondoka njiani na kuliacha gurudumu bila breki.

Shuu za mchanganyiko zina udhaifu wa namna nyingine. Resini na mpira haviwezi kubeba sikio, yaani kitanzi cha mgongoni kinachopitishwa kabari ya kuifungia shuu kwenye kishikio chake, wala haviwezi kuhimili kupindishwa pale kishikio hicho kinapokuwa kimelika na kuegemea upande mmoja tu. Bila kiunzi cha chuma, shuu ya mchanganyiko ingekatika katikati mapema sana. Kwa hiyo kuimarisha si urembo wa tangazo. Ndiko kunakoifanya shuu iwe shuu, na mnunuzi makini huanza kuikagua kwa nyuma.

Nilizigeuza zote mbili mezani. Ile ya bamba ina feleji iliyokandamizwa kwa mashine kufuata mviringo wa gurudumu, sikio limechomelewa pande zote, na bamba limetobolewa matundu ambamo mchanganyiko umeingia na kujifunga. Matundu hayo ni jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu gundi peke yake haiaminiki pale kutu inapoanza kutambaa kati ya feleji na mchanganyiko. Katika karakana niliwahi kuona shuu za aina nyingine, ambazo bamba lake lilikuwa laini bila tundu hata moja. Baada ya msimu wa mvua mchanganyiko wake ulikuwa umeinuka pembeni kama ganda, na ulipogongwa kwa nyundo ndogo ulitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Hizi za sasa zikigongwa hutoa mlio mfupi, uliokaza, kutoka ncha hadi ncha. Ile ya fremu ya waya haina bamba la kuonekana. Sikio lake limetokana na ukanda mwembamba wa feleji, na ukanda huo umefungwa kwenye waya na wavu vilivyozamishwa katika tabaka la nyuma la shuu. Ukiikata kwa msumeno unaona vichwa vya waya vikiwa vimezungukwa na mchanganyiko bila mwanya, na hapo ndipo ubora wa kazi ya kiwanda unapojulikana.

Tofauti ya maumbo haya mawili hudhihirika shuu inapokaribia kwisha. Bamba la feleji likigusa gurudumu, ni feleji juu ya feleji, na mikwaruzo yake hubaki. Kwa hiyo shuu hiyo inapaswa kuondolewa ikiwa bado na unene wa kutosha. Fremu ya waya ni laini zaidi na hulika pamoja na shuu bila kuliumiza gurudumu. Kanuni za reli za Urusi, ambako maumbo yote mawili yametumika kwa wingi, zinaonyesha jambo hilo kwa tarakimu: shuu ya mchanganyiko yenye mgongo wa chuma huondolewa ikifikia milimita 14, na ile ya fremu ya waya milimita 10. Milimita 4 si nyingi ukiitazama shuu moja, lakini behewa la ekseli nne lenye shuu moja kwa kila gurudumu lina shuu 8, na treni ina mabehewa mengi. Mhasibu atapenda fremu ya waya kwa sababu hiyo. Mimi ninaipenda kwa sababu nyingine, kwamba inasamehe ukaguzi uliochelewa. Katika reli yenye vituo vilivyo mbalimbali na wakaguzi wachache, sifa hiyo ni kubwa kuliko milimita zenyewe.

Kuhusu nguvu ya kusimamisha treni, ni vema kukumbuka majaribio ya mwaka 1878 aliyoyafanya Kapteni Douglas Galton pamoja na George Westinghouse katika reli ya London, Brighton and South Coast nchini Uingereza. Majaribio hayo yalionyesha kwamba msuguano kati ya shuu ya chuma na gurudumu hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka, na hupungua pia kadiri breki inavyoendelea kushikiliwa. Dereva yeyote aliyefanya kazi na shuu za chuma anaijua tabia hiyo hata kama hajawahi kuisoma: breki hulegea mwanzoni, kisha treni inapokaribia kusimama hung'ang'ania ghafla. Shuu za mchanganyiko hazina tabia hiyo kwa kiwango hicho. Kizigeu chake cha msuguano (uwiano wa nguvu ya msuguano na nguvu inayoikandamiza shuu), katika zile za msuguano mkubwa, ni kati ya 0.25 na 0.3 hivi, na hakibadiliki sana kwa mwendo. Kusimama kwake ni kwa utulivu, na mivutano kati ya behewa na behewa hupungua. Hapa muuzaji hakutia chumvi.

Hata hivyo, sifa hiyo hiyo ndiyo inayoleta hatari kubwa, nayo imeandikwa kwa herufi ndogo mno katika karatasi ya bidhaa. Behewa lililosanifiwa kwa shuu za chuma lina wenzo (fito za chuma zinazopeleka msukumo hadi kwenye shuu) na silinda ya breki vinavyosukuma kwa nguvu kubwa, kwa sababu chuma kinahitaji kusukumwa hivyo. Ukifunga shuu za msuguano mkubwa bila kubadilisha uwiano wa wenzo, magurudumu yatafungwa, yataserereka juu ya reli, na yatapata sehemu bapa zitakazogonga reli katika kila mzunguko. Ukifanya kinyume chake, yaani kufunga shuu za chuma kwenye behewa lililokwisha kubadilishwa, breki itakuwa dhaifu, na hilo ni baya zaidi. Ulaya walilazimika kutengeneza jamii ya pekee, iitwayo LL, ambayo imefinyangwa kwa mchanganyiko lakini msuguano wake umeshushwa makusudi ufanane na wa chuma, ili mabehewa ya zamani yasibomolewe mfumo wake wa breki. Kiwanda chochote kinachouza shuu zinazoingia kwenye kishikio kile kile na kupokea kabari ile ile, bila alama kubwa ya kudumu inayotaja jamii ya msuguano, kinamtegea fundi mtego. Hizi nilizopewa zina alama iliyofinyangwa ubavuni, lakini iko upande unaoelekea ndani ya bogi (fremu inayobeba magurudumu chini ya behewa), mahali ambapo mkaguzi mwenye tochi hawezi kuisoma bila kulala chini. Ni kosa dogo la usanifu ambalo lingerekebishwa kwa kubadilisha tu kalibu (chombo cha kufinyangia shuu).

Sasa nije kwenye joto, kwa kuwa hapa ndipo gurudumu linapolipa. Chukua behewa lenye jumla ya tani 60 likiteremka mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Nguvu ya mvutano wa dunia inayopaswa kuzuiwa ni karibu kilowati 98. Ukiondoa sehemu inayomezwa na ukinzani wa kawaida wa mwendo, na kugawa kwa magurudumu 8, kila gurudumu hubaki na kilowati 11 hivi kwa muda wote wa kuteremka, sawa na kulibandika pasi 11 za umeme za wati 1,000 bila kuzizima. Shuu ya chuma hupokea sehemu ya joto hilo na kulitoa hewani. Shuu ya mchanganyiko haipitishi joto vizuri, kwa hiyo takriban joto lote huingia kwenye gurudumu. Gurudumu la kipande kimoja lililosanifiwa kwa hali hiyo hustahimili. Gurudumu la zamani lenye tairi, yaani pete ya feleji iliyovalishwa ikiwa ya moto, linaweza kulegea tairi hiyo. Reli zetu hazikosi miteremko. Reli ya Kati hupanda kutoka usawa wa bahari Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hufika karibu mita 1,790 pale Uyole, Mbeya. Kinachopandwa hurudi kuteremkwa, tena mara nyingi kikiwa na mzigo.

Kipande cha chuma cha kusubu kilichopachikwa katikati kimewekwa kwa ajili ya mambo haya. Husugua uso wa gurudumu na kuondoa utando unaoachwa na resini, huzuia msuguano usiporomoke gurudumu linapolowa, na husafisha nyufa ndogo za joto kabla hazijakomaa. Kwenye mvua nilitarajia tofauti ndogo nikaona kubwa: shuu za mchanganyiko zisizo na kipande hicho huchelewa kushika katika mizunguko ya mwanzo, lakini hizi hushika karibu kama siku kavu. Gharama yake ni kwamba kipande hicho hulika kwa kasi tofauti na mchanganyiko unaokizunguka, na kisipokaa sawasawa kwenye kalibu huchimba mfereji mwembamba katikati ya uso wa gurudumu. Katika seti tuliyoifunga niliuona mfereji huo kwenye magurudumu machache, usio na kina cha kutisha, ingawa ukucha ulikwama ulipopitishwa juu yake.

Jambo jingine ambalo mkaguzi anapaswa kulitafuta ni vimeta. Baada ya kuteremka kwa muda mrefu, chembe za feleji zilizobanduka kwenye gurudumu hujikita ndani ya mchanganyiko, zikaungana na kuwa vipande vigumu vinavyong'aa, na kuanzia hapo shuu huacha kusugua ikaanza kuchonga. Shuu ya namna hiyo hutolewa siku hiyo hiyo hata kama unene wake ni wa kutosha kwa miezi mingine. Wenzangu wawili walipinga jambo hili kwa hoja ya bei, hadi jozi ya magurudumu ilipopelekwa kukerezwa, yaani kuchongwa upya uso wake kwa mashine, na kila ukerezaji huondoa chuma kisichorudi.

Kuhusu kelele niseme kwa ufupi. Shuu za chuma huukwaruza uso wa gurudumu, na gurudumu lililokwaruzika hunguruma. Shuu za mchanganyiko huliacha laini na kupunguza kelele ya treni inayopita kwa desibeli 8 hadi 10. Kwa sababu hiyo Ujerumani ilipiga marufuku mabehewa ya mizigo yenye kelele kuanzia Desemba 2020. Kwetu hakuna sheria inayolazimisha hivyo, lakini anayeishi Buguruni au Vingunguti, Dar es Salaam, kandokando ya reli hatalalamika akipata nafuu hiyo bure. Uzito nao ni faida ya wazi: shuu hizi ni nyepesi kiasi kwamba fundi mmoja hubeba kadhaa kwa mkono kutoka stoo hadi kwenye behewa, wakati za chuma zilihitaji toroli.

Uamuzi wangu ni kukubali umbo la fremu ya waya na kukataa lile la bamba, ingawa la bamba ni la bei nafuu kidogo na linaonekana imara zaidi machoni. Bamba lingefaa kwa reli yenye ukaguzi wa kila kituo. Tumeagiza za fremu kwa mabehewa ambayo wenzo zake zimekwisha kubadilishwa na yenye magurudumu ya kipande kimoja pekee. Mengine yote yataendelea na P10 yenye mgongo wa feleji. Katika oda tumeandika masharti mawili: kwamba kila shehena ije na shuu moja iliyokatwa katikati ili waya na kipande cha chuma vionekane, na kwamba alama ya jamii ya msuguano ihamishiwe upande wa nje. Muuzaji amelikubali sharti la kwanza mara moja. Kwa la pili amesema atauliza kiwandani, na mpaka jibu lifike tunapaka rangi ya njano ubavuni mwa kila shuu kabla haijatoka stoo.